Vitabu Kumi vya Afya na Njama za Kaagya

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerejea Kaagya kwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa, nikakuta kijiji kimelala. Hakitalala tena! Mzaliwa mmoja wa hapa, anayeishi Mwanza, ameahidi kukinunulia chumba chetu cha kusomea vitabu kumi kuhusu afya, maradhi na tiba. Kumi tu. Kamati ya watu watano itapitisha orodha Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti ni Ta Rutashobya, mkulima wa kahawa, mtu wa tabasamu. Simwamini mtu wa tabasamu.

Orodha moja ipo tayari. Ni ya Ma Joviana, muuguzi mstaafu, mwanakamati. Ameiandika kwa penseli nyuma ya kalenda na kuibandika mlangoni. Homa ya mtoto. Kumtunza mgonjwa nyumbani. Mwenye kisukari ale ndizi kiasi gani. Herufi kubwa, picha nyingi. Huu ndio ukombozi wa mwili wa mnyonge? Na kwa nini imebandikwa kabla ya kikao? Nani alimpa gundi?

Orodha yangu imekamilika kabla ya chakula cha mchana. Dola na chanjo. Falsafa ya maumivu. Viwanda vya dawa na unyonyaji. Namba moja: kitabu kikubwa kuhusu moyo, kurasa mia tisa. Nimemsomea Mama. Ameuliza kama kuna kinachohusu mgongo. Nimemweleza kwamba mgongo wake ni matokeo ya historia. Amesema ni matokeo ya jembe, kisha akanituma kuni.

Mkakati: nyumba kwa nyumba. Wanaopiga kura ni wanakamati, lakini wanakamati wana majirani.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumba tisa! Kila mahali nimekaribishwa, nimekalishwa, nimeletewa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Hairudishwi. Kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba pamoja na marehemu baba yake. Nimetafuna, nimehutubia. Katika nyumba ya saba nilinena dakika arobaini bila kituo, nikajihisi kama mtu anayepaa. Bibi mwenye nyumba akasema hajaelewa hata neno moja, waitu, mwana wetu, ila amesisimka mwili mzima, na akaniongezea kiganja kingine.

Jambo la kutiliwa shaka. Mwenyeji hutafuna punje ya kwanza yeye mwenyewe, ili mgeni aone kwamba ni salama. Nimeuona utaratibu huu tangu utotoni nisiuhoji. Leo nimeuhoji. Mtu asiye na la kuficha anathibitisha nini?

Jumatano, 6 Agosti

Sikupata hata lepe la usingizi. Ni hamasa ya mapambano.

Nimeshuka Bukoba mjini kwa Zahoro, muuza vitabu, kuazima kile kitabu cha moyo ili kamati ikione kwa macho. Mzee Zahoro ameuliza kama nimekisoma. Nimesema nimesoma jalada, mbele na nyuma. Amecheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema yeye ameuza vitabu miaka thelathini, na wateja wakali kuliko wote ni wale wa jalada. Nimemsamehe kwa kuwa kahawa yake ya kikombe ni nzuri. Vikombe vinne.

Njiani mikono imeanza kutetemeka. Moyo unapiga kama ngoma ya harusi, halafu unaruka pigo, halafu unalipa deni kwa fujo. Nimefungua kitabu nijitazame. Sura ya mapigo ya kasi inaanza ukurasa wa 212. Ukurasa wa 212 haupo! Umechanwa! Nimempigia Zahoro. Anasema kitabu ni cha mtumba, kilifika hivyo. Nimemuuliza kama anamfahamu Ma Joviana. Bila aibu akasema ndiyo, hununua bahasha pale.

Bahasha. Sihitaji kuambiwa zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Safari ya Kimwani, huko Muleba, kutwa nzima kwenda na kurudi, kwa ajili ya kura moja. Mwalimu Anatory, mwanakamati, yuko kwa wakwe zake akisaidia kuvuna mahindi. Amenipokea vizuri, amenisikiliza, na kikapu kimezunguka mara mbili. Kisha akasema, kwa utulivu uliopangwa, kwamba Ma Joviana alikwisha kumpigia simu. Walizungumza nini? Eti miguu ya mke wake inayovimba! Nimemwonyesha jinsi tiba inavyogeuzwa kuwa nyenzo ya kutafuta kura. Amejibu kwamba miguu imepungua. Nikasema ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Akasema basi mfumo uendelee, maana sasa mkewe anavaa viatu.

Amenifungia akamwani kwenye jani la mgomba, ya njiani. Nimeimaliza kabla basi halijatoka Kimwani.

Moyo umezidi. Jasho jembamba. Kope la kushoto linacheza lenyewe. Nimefikia hitimisho la kisayansi: natiliwa sumu ya polepole.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wakulima wanasherehekea kilimo. Mimi napigania uhai. Nimeweka ulinzi. Maji: nachota na kuchemsha mwenyewe. Chakula: mayai tu, kwa kuwa yai limefungwa na Muumba. Chai ya Mama nimeikataa. Amesema yeye aliyenizaa alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuniua nikiwa na wiki mbili. Hoja ina mantiki, lakini sijabadili msimamo.

Nyumba kumi na moja zaidi. Akamwani nimeendelea kutafuna popote, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mwenyeji hukionja mbele yangu. Kumbe wahenga walikuwa na mfumo wa uwazi! Nafuta shaka yangu ya Jumanne.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyumba sita. Jumla ishirini na sita. Herufi zinaruka ukurasani. Mama amenisihi niende kwa Ma Joviana nikapimwe presha. Nimemwambia muuaji hapimi presha ya marehemu wake. Amesema marehemu huwa hawapigi kelele hivi.

Hotuba ya kesho ina kurasa kumi na nne. Nikianguka kabla ya ukurasa wa tisa, Mama aendelee.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika yote, ijapokuwa kalamu inatetemeka.

Chumba kilijaa. Nilisimama. Nikasema kuna mkono katika kijiji hiki unaoogopa maarifa, mkono uliochana ukurasa wa 212, mkono ulionunua bahasha, na mkono huo sasa uko ndani ya kifua changu! Watu wakatazamana. Ukurasa wa tatu magoti yakaniacha. Nikakaa sakafuni, kwa heshima.

Ma Joviana aliinuka, akanishika kifundo cha mkono na kutazama saa yake. Nilitaka kukataa, sikuwa na pumzi. Akaniuliza, mwanangu, umekula nini. Mayai. Umekunywa nini. Maji yangu. Umetembelea nyumba ngapi. Ishirini na sita, nikajibu kwa fahari, bila kuhesabu Kimwani. Akauliza: na kila nyumba walikupa nini?

Nikamwona Ta Rutashobya anahesabu kwa vidole, anamaliza vidole, anaanza upya. Mwalimu Anatory, aliyefika alfajiri, akasema kwake nilikifuta kikapu mpaka wakwe wakauliza kama Kaagya kuna njaa. Hapo chumba kilipasuka. Bibi wa nyumba ya saba alicheka hadi akalazimika kutolewa nje. Ma Joviana peke yake hakucheka. Alisema moyo wa kijana ni mzima, umelewa kahawa; maji mengi, nilale, nisitafune hata punje siku tatu.

Kisha akafanya jambo la kutisha. Akasema kijana ametembea sana, na kijana anayetembea kwa ajili ya vitabu asivunjwe moyo. Akapendekeza vitano vyake vitoke, viingie vitano vyangu, kikiwamo kile cha kurasa mia tisa. Mikono mitano ikapanda. Mitano kati ya mitano! Watu wakanipigia makofi nikiwa bado sakafuni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala saa kumi na nne. Moyo umetulia. Mikono imetulia. Ndipo akili ikaamka.

Kwanza: mapigo yalianza kushuka mara tu aliponishika. Anayeweza kuzima ndiye aliyewasha. Pili: vitabu vitano. Nimepigana wiki nzima, halafu napewa nusu ya ushindi bila jasho la adui? Katika historia ya mapambano hakuna aliyegawa rafu yake kwa hiari. Wanataka nini? Wanataka nikisifu chumba chao. Wanataka jina langu liwe chini ya orodha yao. Wanataka ninyamaze!

Nimeandika pingamizi rasmi, kurasa nne, kupinga kuingizwa kwa vitabu vyangu vitano, na nimelipeleka mwenyewe kwa Ta Rutashobya kibanjani, katikati ya migomba na kahawa yake. Alilisoma lote akiwa amesimama, midomo ikicheza. Akaniuliza mara mbili: unapinga vitabu vyako? Nikamwambia napinga utaratibu. Akaniuliza kama Mama anajua nilipo. Kisha akawapigia simu wanakamati mmoja mmoja, mbele yangu. Ma Joviana alisikika akisikitika. Akasema nihurumiwe, nipewe nilichoomba.

Kwa hiyo vitabu vyangu vimetoka, vyake vyote kumi vimebaki, na barua ya kwenda Mwanza imeondoka mchana huu. Pingamizi langu limeshinda! Ushindi wangu wa kwanza kamili katika maisha ya kisiasa!

Limekubaliwa na wote watano. Hata mmoja hakupinga.

Nani amewapanga?