Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Jumatatu, Agosti 4

Kitengela. Siku mbaya. Jana nilienda kuchukua mbuzi wa harusi Mashuuru. Nilipe pikapu? Mimi Wanyama? Nikamfunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha kagari kangu na kumfunika leso kichwani. Kwa mbali, nyanya tu. Polisi barabarani akamsalimia kwa adabu. Mbuzi akajibu kwa lugha yake. Nikateremshwa, nikahubiriwa juani. Niliporudi nyanya alikuwa amekula kiti hadi kwenye springi, na kukojolea kilichobaki.

Jentrix, mke wangu, hakupiga kelele. Hilo ndilo baya. Alinikumbusha tu kwamba Jumamosi dada yake kitindamimba anaolewa Kajiado, na mama yao anakuja kutoka Bungoma. Harusi zote za kwao, mama hushuka kwenye gari la Omolo. Omolo ndiye aliyemwoa dada yao mkubwa. Anaishi Matasia na gari lake lina viti vya ngozi. Jentrix alisema angetaka, hata mara moja tu, mama ashuke kwenye gari letu. Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Iliniuma. Lazima nipate kiti.

Jumanne, Agosti 5

Nimeenda kwa Hiram, anayeuza spea kuukuu. Ana kiti cha mbele cha gari kama langu. Cheusi, safi. Ili anipunguzie, nimemwambia ni cha gari la kanisa. Ameuliza kanisa gani. Nimetaja la kwanza lililonijia. Kumbe yeye ni mzee wa kanisa hapo hapo. Bei imepanda.

Jumatano, Agosti 6

Akili ni mali. Hiram amechungulia gari langu, akasema kuna mteja wa Kiserian anatafuta kiti cha nyuma kama changu. Tubadilishane, kimoja kwa kimoja. Nimejifanya nafikiria.

Kwani kiti cha nyuma kina kazi gani? Omolo humweka mama nyuma kama gunia la viazi. Mimi nitamweka mbele, aone barabara. Huko nyuma mbuzi atapata nafasi. Jentrix pia.

Bolti zimekazwa. Nyuma nimetandika shuka juu ya chuma. Jentrix ameuliza kama nyuma ni safi. Nimesema hakuna hata doa. Sikudanganya.

Alhamisi, Agosti 7

Nimefanya mazoezi ya kumsalimia mama mkwe. Kwetu Wabukusu si mchezo. Humshiki mkono. Unasimama mbali, unaangalia chini, unaongea polepole. Tangu nioe sijakosea hata siku moja. Omolo ni Mjaluo, lakini naye hujifanya anajua heshima. Tutaona.

Jumamosi, Agosti 9

Kajiado. Naandika nikiwa nyuma ya hema la harusi.

Basi la mama lilifika Kitengela asubuhi. Omolo alikuwepo kituoni, eti amekuja kusalimia tu. Nikamsalimia mama nikiwa mbali, macho chini. Kisha nikafungua mlango wa mbele kwa mikono miwili.

Mama akaangalia kiti. Akaangalia usukani. Akamwuliza Jentrix, si mimi, ni nani anaendesha. Akaambiwa ni mimi. Akauliza, kwa upole kabisa, ni tangu lini mama anakaa bega kwa bega na mume wa binti yake.

Woi. Na gia iko katikati! Kila nikibadilisha gia, mkono wangu na goti lake. Sikuwa nimefikiria gia.

Mama akaenda mlango wa nyuma. Jentrix akavuta shuka. Chuma tupu, na mbuzi. Omolo akakohoa. Mama akaingia kwa Omolo, kiti cha nyuma, mahali pake. Jentrix akamfuata. Alinipita bila kuniangalia. Afadhali angenitusi.

Mizigo yote ikaletwa kwangu: unga wa wimbi, ndizi, kuku. Omolo hataki ngozi yake ichafuke. Nyuma kukajaa, mbuzi akahamia mbele. Nilimfunga mkanda. Kufika Isinya alikuwa ashaanza kutafuna mshono wa kwanza wa kiti.

Jumapili, Agosti 10

Jentrix ameongea. Mama anarudi Bungoma Jumatano, na Omolo atakuwa kazini. Nimepewa nafasi moja tu ya kumpeleka kituoni. Nyuma, kwa heshima. Nimeahidi. Nilimwona machozi yakimlengalenga, na mimi pia kidogo.

Nimempigia Hiram simu. Mteja wa Kiserian hajakuja, kiti changu cha nyuma bado kiko. Lakini cha mbele hakitaki tena. Nimemwambia ni meno kidogo tu. Amekataa. Ila amekumbuka kwamba cha dereva kilikuwa bado kizuri.

Kimoja kwa kimoja. Nimekubali. Kreti ya soda niko nayo hapa jikoni, na nikiweka mto juu, sioni mama atajuaje akiwa nyuma. Omolo atajua hajui.