Bata wa Zambarau na Barua ya Ajira

Bata wanane wa zambarau walivuka barabara asubuhi ile kwa heshima zao zote, na mtaa mzima ukashangaa isipokuwa mtu mmoja. Mtaalamu, cheo alichojivika mwenyewe bila kumsumbua mwalimu yeyote, alichungulia kijitoni, akaona maji ya rangi ileile, akayafuata mpaka kwenye geti la kiwanda cha kutia rangi vitambaa.

Ieleweke kwamba hakuwa akisaka pesa. Alikuwa akimsaka mkewe. Mama mkwe alikuwa amemchukua bintiye, na sharti lake lilikuwa moja tu: atamrudisha siku atakapomkuta mkwewe ofisini, kwenye kazi yenye barua. Mtaalamu akamjibu kwamba kazi ameshaipata, tena ana mwezi mzima. Uongo huo sasa ulikuwa unadaiwa ushahidi.

Mwenye kiwanda aliitwa Mama Pole, kwa kuwa hakuwahi kumfukuza mtu kazi bila kumpa pole kwanza.

"Tangi limepasuka jana," alisema, "na sheria inataka tupeleke taarifa kwa mamlaka ya mazingira leo hii. Sijui hata pa kuanzia."

"Mama, ajali iliyoandikwa vizuri haijatokea," alisema Mtaalamu, akavuta kiti.

Akaandika. Rangi haikumwagika, bali "ilihama". Kijito hakikuchafuka, bali "kilipata mwonekano mpya". Bata walikuwa "ndege ambao uhusiano wao na kiwanda haujathibitishwa". Kisha akajaza chupa kwa maji ya kunywa ya ofisini na kuibandika karatasi: sampuli ya kijito.

"Malipo yako?" aliuliza Mama Pole.

"Ofisi tu, mama. Meza, kiti cha kuzunguka, na barua ya ajira. Ila tarehe iwe ya mwezi uliopita."

Mama Pole alivua miwani. "Kabla tangi halijapasuka?"

"Kabla kabisa."

"Basi kwenye fomu nikuandike wewe ndiye afisa mazingira wetu?"

"Niandike, mama. Sahihi natia mwenyewe."

Barua ikachapwa palepale, ikagongwa mihuri miwili. Mtu ambaye maisha yake yote hajapewa kitu bila kuzungushwa angejiuliza. Wahenga walishamaliza habari ya mchimba kisima, lakini Mtaalamu na wahenga hawakuwa wakisalimiana.

Siku ya tatu mama mkwe akaja, bintiye nyuma yake. Alikibonyeza kiti, akaisoma barua neno kwa neno, tarehe akairudia mara mbili.

"Sasa umekuwa mtu," alisema.

Mkewe akatabasamu. Mtaalamu alifurahi mpaka akasahau kabisa kwamba ofisi hii aliipata kwa ulaghai.

Mlango ukagongwa. Akaingia mkaguzi wa mamlaka na boksi kwapani, akaliweka mezani. Bata wa zambarau akatoa kichwa, akamtazama Mtaalamu.

"Mwenye kiwanda anasema tangi lilikuwa na ufa wiki tatu," alisema mkaguzi. "Kulikagua na kutoa taarifa ni kazi ya afisa mazingira. Afisa akinyamaza, sheria inamshika yeye. Na hii taarifa ya uongo ina sahihi yako."

"Pole, mwanangu," alisema Mama Pole kutoka mlangoni, kwa huruma ya kweli.

"Bwana mkaguzi, mimi hapa nina siku tatu tu," alisema Mtaalamu huku jasho likimtoka. "Hilo tangi hata sijawahi kuliona."

Ulikuwa ukweli mtupu, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi nao, ulimtoka vibaya. Mkaguzi akamgeukia mama mkwe.

"Mama, huyu unamfahamu?"

Mama mkwe alinyoosha mgongo. Hakuna mtu ambaye angemdharau mkwewe mbele yake, si leo.

"Ni mkwe wangu. Ana mwezi mzima hapa," alisema, akamkabidhi barua. "Soma mwenyewe. Tarehe hiyo hapo juu."