Dada Analia Kabla Yangu

Ndugu Meneja wa Kampuni ya Mtandao,

Natumaini barua hii itakufikia kwa wakati, maana haipiti kwenye mitambo yenu.

Mimi ni fundi cherehani. Dada yangu ameolewa mji mwingine, na kila jioni tunatazama tamthilia moja mtandaoni, kila mtu kwake, simu sikioni. Ndiyo njia pekee tuliyobakiwa nayo ya kukaa pamoja. Kwa masikitiko, picha ya kwake hutangulia ya kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dada huanza kulia wakati kwangu watu bado wanakunywa chai. Nami hulia papo hapo kwa kumwamini tu, bila kujua nani amekufa. Juzi nimelia kwa uchungu hadi kitambaa cha mteja kikalowa, kumbe ilikuwa harusi.

2. Tumejitahidi wenyewe. Dada anahesabu moja, mbili, tatu, halafu tunabonyeza pamoja. Lakini hiyo tatu nayo inapita kwenu, inafika imechoka. Nikaamua kubonyeza kwenye mbili bila kumwambia. Kumbe naye, kwa huruma zake, ameamua kuningoja bila kuniambia! Siku hiyo nikamtangulia mimi, tukanuniana mpaka tangazo la sabuni.

3. Kwa hiyo naomba mji mzima wa dada ucheleweshwe. Watazoea, mbona sisi tumezoea.

4. Hilo likiwashinda, mhamishieni dada chumba kilicho jirani na changu, kwa gharama zenu. Shemeji anaweza kubaki huko. Hatazami tamthilia, na akitazama anauliza maswali.

Nisalimie wahasibu, mlinzi wa getini, na yule binti wa huduma kwa wateja ambaye kila nikipiga simu ananiambia nizime niwashe.

Ni mimi mteja wenu mtiifu, ingawa wa nyuma,
Fundi Cherehani, ghorofa ya pili

Nyongeza: Kabla sijaituma barua, fundi wenu amekuja akarekebisha, na sasa tunaona kitu kilekile kwa pamoja. Jana mama wa kwenye tamthilia alifariki. Tulilia papo hapo wote wawili. Zamani dada angeniwahi: "Jikaze mdogo wangu, linakuja." Jana hakukuwa na wa kumwambia mwenzake. Nimeumia sana. Tafadhali turudishieni ule ucheleweshaji wetu, ila safari hii nitangulie mimi. Tangu mama yetu afariki, kila pigo hulipokea dada kwanza, ndipo aniambie taratibu. Sasa ni zamu yangu.