Vidole Viwili vya Muhonja

Jumatatu, 5 Februari 1996

Baraza kwa chifu. Vitambulisho vya zamani vyote virudishwe, tupewe vipya. Mwisho Ijumaa. Eti habari zetu zitaingizwa kwenye kompyuta Nairobi. Serikali ikikutaka inabonyeza tu, na wewe huyo, na kijiji chako, na ukoo wako, na vidole vyako vyote kumi. Watu wakapiga makofi! Baba yangu alivalishwa kipande cha utambulisho shingoni enzi za wazungu. Sikumbuki akipiga makofi.

Changu sirudishi ng'o. Picha yake ilipigwa mwaka wa themanini, uwanja wa shule, upepo ukivuma, na marehemu mke wangu Muhonja ndiye aliyeshika shuka jeupe nyuma yangu. Ukitazama vizuri, juu ya sikio langu la kushoto, vidole vyake viwili vinaonekana. Mpiga picha alitaka kurudia. Muhonja akasema afadhali vikae hapo hapo, nisije nikapotea. Alicheka mpaka shuka likamponyoka. Kitambulisho chake mwenyewe tulikitoa kwa chifu siku ya kutafuta kibali cha kumzika, na picha nyingine hakuwa nayo. Nimebaki na vidole hivyo viwili tu.

Baada ya baraza, Erastus akaniuliza nitajiandikisha lini. Huyu ndiye liguru wetu, mzee wa kijiji, na ndiye masikio ya chifu. Nani kalala wapi, nani kasema nini, yote yamo kwenye kidaftari chake. Tena alimmezea mate Muhonja tangu ujana wetu, akashindwa na mimi. Nikamjibu kesho. Hajui nina mpango.

Jumanne, 6 Februari

Mpango: kimepotea. Polisi wananiandikia cheti, nampelekea karani wa vitambulisho, chenyewe kinabaki kwangu. Safi kabisa!

Kituoni nikaeleza jinsi mto Isiukhu ulivyonisomba na kitambulisho kikaenda na maji. Askari akanipa pole nyingi. Akaandika jina, akaandika lokesheni, akaandika mto. Akauliza namba. Mimi huyu! Nikatia mkono mfukoni (nyumbani sikukiacha, kuna panya), nikakitoa, nikavaa miwani, nikamsomea namba polepole ili asikosee. Akaniambia asante mzee. Halafu kalamu yake ikasimama.

Nimefyeka nyasi za kituo mpaka saa kumi jioni. Erastus alipita na baiskeli mara mbili. Mara ya pili akapiga kengele.

Alhamisi, 8 Februari

Mpango wa pili, wa akili zaidi. Joash mwenye studio pale karibu na soko akipige picha kitambulisho chenyewe, halafu serikali ichukue chake. Jana alikataa, eti hiyo ni mali ya serikali na siku hizi kuta zina masikio. Nikampelekea ingokho, kuku mnono. Akafunga pazia.

Leo nimechukua picha. Kubwa, inang'aa, nina nywele zangu zote! Vidole havipo. Joash akaniambia kwa fahari kwamba amevikata, vilikuwa vinaharibu sura.

Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, mzee mzima. Joash akadhani nalilia nywele. Nikamsihi arudie, na hapo hapo Erastus akachungulia mlangoni na kidaftari chake. Joash akatangaza kwamba studio imefungwa na kwamba mimi hanijui. Ingokho amekwisha kumla.

Nimefikiria kukataa kabisa kujiandikisha. Lakini binti yangu Jescah ameolewa Lumakanda, na njia ile polisi wanaombanga vitambulisho kila siku. Bila kipya wataninyaka njiani, na wajukuu sitawaona.

Ijumaa, 9 Februari

Nimekwenda.

Erastus ameketi mezani kando ya karani, msichana mmoja Chemutai. Kazi ya Erastus ni kuapa kwamba wewe kweli ni wa hapa. Nikajua leo ananiuza na hadithi ya mto. Chemutai akanyoosha mkono. Nikampa kitambulisho, lakini sikukiachia. Akavuta, nikavuta. Foleni yote ikacheka.

Erastus akakichukua yeye. Akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia karani kwamba hivyo ni vidole vya marehemu Muhonja, kwamba siku ile yeye alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, na kicheko kile anakisikia mpaka leo. Akafunga kidaftari. Akauliza kama kitambulisho kinaweza kubaki na mwenyewe.

Chemutai akasema poleni wazee wangu, vyote vinahesabiwa. Machozi yalimlengalenga, lakini kikaingia guniani. Sasa wanavyo vidole vyangu kumi kwa wino, na viwili ambavyo kompyuta yao haitajua kamwe ni vya nani. Moyo unaniuma.

Picha tukapigwa nje. Upepo tena! Shuka likaruka, mpiga picha akamsihi yeyote aliye karibu alishike.

Ijumaa, 10 Mei 1996

Kipya kimefika. Kwanza nikaona kipara. Kisha, juu ya sikio la kushoto, vidole viwili vinene, kimoja na doa la wino. Erastus!

Nikaenda moja kwa moja kwake kumgombeza. Alipoona picha alicheka mpaka akaketi chini, akasema afadhali vikae hapo hapo, nisije nikapotea. Maneno yale yale! Hasira zikaisha. Tukala obusuma, ugali wetu, kwake, tukamzungumzia Muhonja, jinsi alivyoimba akipalilia mahindi, jinsi alivyotucheka sote wawili. Miaka mingi sijamtaja mbele ya mtu hivyo. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Lakini nitembee na vidole vya Erastus mfukoni mpaka kufa? Thubutu! Kesho asubuhi niko polisi. Kimepotea, mto Isiukhu. Safari hii sikosei: namba nimeiandika kabisa juu ya bahasha, na kitambulisho nimekitia ndani, ili askari akitaka kuihakikisha asipate taabu.