Jua la Kuchujwa

Siku hiyo mjinga alikuwa Isihaka mwenyewe, na ni vizuri tulimalize hilo mapema, kwa sababu akisimulia yeye hulizungusha kwa maneno mengi mpaka msikilizaji anaondoka akidhani aliyeliwa ni mtu mwingine kabisa.

Aliingia Kasulu mwezi wa sita, mwaka 2014, akiwa na koti jeupe, begi la magurudumu na tabasamu. Koti na begi vilikuwa mapambo tu. Mtaji ulikuwa tabasamu. Meno yake yalijipanga meupe na sawasawa kama vigae vya benki mpya, na kwa meno hayo alikwisha kuuza Tabora mafuta ya kuotesha nywele kwenye upara, na Nzega hirizi ya kufaulu usaili wa kazi.

Asubuhi ya kwanza alitembea barabara ya soko akaona jambo. Wenye maduka walikuwa wamejikunyata ndani kabisa, nyuma ya kaunta, wamevaa sweta juu ya kanzu na shali juu ya sweta, wanasugua magoti na kulaani baridi. Hatua tatu mbele yao, nje ya mlango, jua lilikuwa limelala barabarani bila mtu wa kulitumia. Hakuna aliyethubutu kutoka, maana droo ya fedha haiachwi peke yake. Isihaka akasimama akalitazama jua lile kama mtu anayetazama kiwanja kisicho na mwenyewe.

Ndani ya begi kulikuwa na kompyuta ya mapajani, printa ndogo na kipande cha bomba la chuma chenye waya. Mteja hushika bomba, Isihaka huandika umri wake na kukadiria kitambi chake, kompyuta hunguruma kidogo, kisha karatasi hutoka ikiwa na mistari myekundu. Mistari ya kijani haikuwahi kutoka. Mtu mzima wa afya hana faida kwa mtu yeyote.

Mzee Hamis, muuza misumari na mabati, alikuwa wa kwanza kushika bomba. Akaambiwa vitamini D yake imebaki kama chai chini ya kikombe. Akauliza dawa. Isihaka akamweleza kuhusu Ayurveda, elimu ya wahenga wa Kihindi, na jinsi wahenga hao walivyojipaka mafuta ya ufuta na kukaa juani asubuhi. Alikuwa ameyasoma hayo katika gazeti lililofungiwa karanga, na kwa hilo hakuna aliyedanganywa. Uongo mkubwa ulianza Mzee Hamis alipouliza kama hawezi kukaa juani mwenyewe.

"Jua la bure ni chafu, mzee," Isihaka alisema kwa huruma. "Limepita kwenye vumbi lote hili. Lazima lichujwe."

Chujio lilikuwa shuka lililolowekwa kwenye manjano na kutandazwa juu ya vichwa vya wagonjwa. Palihitajika uwanja tu, na uwanja mzuri kuliko yote ulikuwa wa Bi Asmahani, mjane, fundi cherehani wa nyuma ya soko. Mama huyo alimpokea kwa adabu ya Kiha iliyokamilika: akakunja magoti, akapiga makofi ya polepole, akamwamkia, mwakeye, akauliza hali ya baba yake, ya mama yake, na ya ng'ombe wake, ambao Isihaka hakuwa nao. Kijana akapiga hesabu haraka: anayekunja magoti kiasi hiki, kichwa nacho kitakunjika. Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Akaupata uwanja, na chumba cha kulala pembeni yake, kwa kilo mbili za sukari kila wiki. Kisha akampima mwenye uwanja, akamkuta na upungufu wa kutisha, akamtoza naye ada ya kukaa juani. Kwenye uwanja wake. Bi Asmahani akalipa, akapiga makofi, akashukuru.

Biashara ikachangamka. Kila siku saa tatu wazee wanane hivi, droo wameziachia wake na wajukuu, walikaa kwenye mikeka wakielekea mashariki, India iliko, suruali zimekunjwa, miguu inang'aa ufuta. Na la kuudhi ni kwamba walipata nafuu. Mzee Hamis alianza kupanda ngazi ya stoo bila kuugulia, akatangaza mtaa mzima kwamba yule si daktari, ni rehema.

Rehema mwenyewe alikuwa na tatizo. Miezi minne mfululizo alikuwa akila chipsi mayai na kushushia soda. Mboga za majani na matunda aliwaandikia wateja. Asubuhi moja alisukutua, akatema damu. Kesho yake tena. Wiki iliyofuata fizi zilivimba, na jino la mbele, lile lenyewe lililokuwa likianza kucheka kabla ya mengine, likaanza kutikisika.

Hapo usingizi ukamkimbia. Tapeli bila meno ni ombaomba. Kwenda kupanga foleni hospitalini hakuthubutu, kwani daktari wa vitamini akionekana benchi moja na wateja wake biashara imekwisha. Kwa kukata tamaa alijifungia chumbani akashika bomba lake mwenyewe. Mashine ikanguruma ikamjulisha kwamba kizazi chake ki salama. Alikuwa amesahau kufuta taarifa za Bi Asmahani.

Mama yule alikwisha kuiona damu kwenye beseni. Baada ya siku mbili akaja kwa makofi yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kijijini Busunzu kuna bibi kizee, Ntirampeba, anayejua dawa ya fizi. Meno ya watu wa kule huzikwa yakiwa kamili. Isihaka akauliza bei.

"Hailipwi fedha, mwanangu. Ukiilipa fedha inageuka maji. Inalipwa kwa chombo kinachomlisha mgonjwa."

Isihaka, aliyetunga masharti ya namna hiyo katika wilaya saba, alipaswa kunusa. Lakini alikuwa na mafua ya baridi ya Kasulu, na ulimi wake ulikuwa ukilisukuma lile jino, linakwenda mbele, linarudi nyuma. Akaitoa mashine yote: kompyuta, printa na bomba. Wateja walikwisha kupimwa, akajiambia. Jua halihitaji umeme.

Bi Asmahani akaaga kwamba anakwenda Busunzu, akapanda gari la kwenda Kabanga kumsalimia dada yake, akarudi jioni na kibuyu. Ndani mlikuwa na uji mzito uliojaa tangawizi na kitunguu saumu. Masharti: abane pua, ageukie Burundi, anywe bakuli zima bila kupumua, asubuhi na jioni. Isihaka alitii kama mtoto wa chuo. Kila siku kibuyu kikajazwa upya, kwa maelezo kwamba dawa ya Ntirampeba huongezeka yenyewe usipoichungulia.

Siku ya nne damu ilipungua. Siku ya kumi ilikoma. Wiki ya tatu jino likasimama imara kama nguzo ya simu, na mafua nayo yakaondoka. Asubuhi hiyo, wazee wakiwa wameshajipanga chini ya shuka la manjano, Isihaka akavuta pumzi kwa pua yake mpya, akanusa harufu tamu kutoka jikoni. Akaifuata. Akamkuta Bi Asmahani kwenye kinu anatwanga mapera, kapu limejaa, mengine yameshadonolewa na kuku. Pembeni ya kinu, kibuyu. Na sebuleni, kwenye meza ya cherehani, mashine yake ilikuwa inachapa barua ya mtu ya kuomba kazi.

Hakumbuki alivyofika nje tena. Anakumbuka tu kwamba alikuwa anapiga kelele, kwamba wazee walikuwa wamejifunua shuka, na kwamba Bi Asmahani alikuwa amemfuata taratibu na mchi mkononi, amekunja magoti kidogo kwa adabu.

"Umeniibia, mama. Mashine nzima kwa mapera! Mapera yanaoza hapo kwenye uzio, yanaliwa na kuku."

"Fizi zinatoka damu?"

"Sizungumzii fizi."

"Jino je? Lisukume tuone."

Mzee Hamis akainua shingo aone. Isihaka akafumba mdomo, kisha akaufumbua kwa sababu bila huo hana kitu kingine.

"Limepona, sawa. Lakini lile ni tunda la Mungu. Unamuuziaje mtu kitu cha Mungu ambacho kipo tu?"

Bi Asmahani akaweka mchi chini. Akapiga makofi mawili ya polepole.

"Huo mpera nilipanda mimi, mwanangu, nikaumwagilia miaka minne. Wewe jua ulilipanda lini?"