Vita vya Phanice na Mbingu za Ekerenyo

Njooni, enyi wenye nguo kambani na mahindi uani. Sogezeni viti, nyamazisheni redio, mpate kusikia vita vilivyopiganwa Ekerenyo mwishoni mwa kiangazi, baina ya mwanamke mmoja na mbingu zote.

Jina lake Phanice Nyangate, mchuma chai asiyelegea, mwenye mgongo ulioshinda vikapu elfu vya majani. Asubuhi hiyo alikuwa ameosha debe la wimbi kuondoa mchanga, akalianika uani juu ya turubai la buluu. Wimbi hilo lilikuwa na safari. Kesho yake, likiisha kusagwa unga wa uji wa kuongeza maziwa, lingepelekwa Nyakoe kwa binti yake Cynthia, aliyejifungua siku tano zilizopita na ambaye maziwa yalikuwa yakimtoka kwa shida. Phanice alikuwa ameapa kwamba mtoto huyo hatalia njaa ilhali wimbi lipo duniani.

Mshauri wake vitani alikuwa mumewe Walter, karani mstaafu, aliyeketi barazani na simu mkononi kama nabii na gombo lake.

"Mama Cynthia," akanena, "tuliza moyo. Imeandikwa hapa kwamba mvua haitanyesha hadi Alhamisi."

"Hiyo simu imewahi kuanika wimbi?" Phanice akauliza.

Saa sita wingu jeusi likatokea upande wa ziwa. Phanice akalikunja turubai na kuliburura ndani peke yake. Na mara wingu likapita, jua likacheka. Akaanika upya. Saa saba wingu likaja tena, akaingiza tena, na halikudondosha hata tone.

"Mbili bila," Walter akasema. "Simu inaongoza."

Mabega yalimuuma Phanice, na moyoni alianza kujiona mjinga. Akaanika mara ya tatu.

Ilipotimu saa nane u nusu, jua likiwa kali na anga ya Ekerenyo haina doa, alisikia kitu ng'ambo ya bonde. Mabati ya nyumba ya Ogari yalikuwa yakinguruma, kisha ya jirani yake, kisha ya kanisa, kama jeshi linalopiga ngao likikaribia.

"Baba Cynthia, shika pembe."

"Lakini jua linawaka."

"Shika pembe."

Kulikuwa na jambo katika sauti ile. Walter akaiweka simu chini, akashika pembe mbili, na wakakimbia wakilibeba turubai kama majeruhi. Mlangoni goti la Walter likamsaliti, konzi mbili za wimbi zikamwagika, na kuku wakachukua ushuru wao. Phanice akavuta kwa nguvu zote. Walipoangukia sebuleni, mvua ya mawe ikaufunika ua mzima.

Robo saa baadaye ikakatika. Phanice akatia punje mdomoni, akaiuma. Ikavunjika kwa mlio mkavu.

"Simu haikutaja ni Alhamisi gani," Walter akasema taratibu, akisugua goti. Kisha akachungulia nje. "Jua limerudi. Tuanike?"

"Lirudi lenyewe. Sisi tumemaliza."

Akaufunga mlango. Hivyo ndivyo kiangazi kilivyokoma Ekerenyo, kwa amri ya Phanice Nyangate, saa tisa kasorobo alasiri. Na mbingu hazikukata rufaa.