Kabureta Mbili za Mama Mshonaji

Kinanda alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake ulipiga wimbo wowote ambao mteja alitaka kuusikia. Siku hiyo alikuwa amesimama nje ya duka la vipuri, hana kazi wala haraka, gari dogo la zamani likapita likikohoa na kuzima mbele ya mlango wa mshonaji. Akashuka mama wa makamo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akafungua boneti. Kinanda akachungulia, moyo ukamlipuka paa! Kabureta mbili, vile vichanganyio vya petroli na hewa, pacha, zinang'aa.

Tuelewane hapa. Kinanda alikuwa na gari kama hilo hilo, injini imetanuliwa silinda kuongeza nguvu kama ya mama, ila lake lilikuwa na kabureta moja. Daktari wa meno mmoja, mpenda magari ya kale, alikubali wabadilishane Jumamosi: Kinanda atoe kigari, apewe pikapu isiyo na hata mkwaruzo. Sharti lilikuwa moja tu, kigari kiwe na kabureta mbili, na Kinanda alishaapa kwamba zipo. Tena alishamtangazia baba mkwe wake kwamba Jumamosi hiyo hiyo atampelekea pikapu aione, mzee ambaye kwa miaka sita alimwita "yule asiye na kitu" mbele ya ukoo mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unasukuma au unatazama?"

"Nasikitika tu, mama. Nani aliyekufungia mzigo huu?"

Akamfuata mpaka ndani, akajikaribisha kwenye kigoda kando ya cherehani, akaanza kumwaga sera. Injini ndogo, alisema, hata ukiitanua bado ni ndogo. Ukiipa kabureta mbili kubwa, hewa inaingia kivivu, petroli haichanganyiki vizuri, ukikanyaga inakohoa, ukisimama inazima. Kabureta moja ya saizi yake inavuta hewa kwa kasi, gari linaitika papo hapo.

"Ni kama nguo, mama. Gauni la mtu mnene utamvalisha mwembamba?"

Cha ajabu, kila neno lilikuwa la kweli. Kinanda hakujua, masikini. Alikuwa akitunga tu. Na kama angetazama kilichokuwa chini ya sindano angeona si gauni bali kiti cha gari, maana mama huyu alishona viti vya magari mwaka wa ishirini sasa, huku mafundi wakibishana injini mlangoni pake kutwa.

"Sasa hiyo moja nitaipata wapi?" mama akauliza kinyonge.

"Nitakupa yangu. Hizi nitakusaidia kuzitupa."

"Bure?"

"Mama, mimi si mtu wa tamaa."

Naomba tunyamaze kidogo kwa heshima ya sentensi hiyo.

Kinanda akaenda kuing'oa kabureta yake, akaileta; mama akaipokea, akakitikisa kwa kidole kijiti chake cha kufungulia hewa, hakikulegea hata chembe. Akasema sawa, ila afunge mwenyewe, asafishe plagi, na kwa kuwa mikono imeshachafuka, abadilishe na oili. Kinanda akafanya yote huku akipiga mluzi. Alipoondoka na pacha wake kwenye gunia, meno yote yalikuwa nje.

Meno yalirudi ndani Ijumaa. Alizifunga zile mbili, gari likawa halikai bila mguu kwenye mafuta. Akakaza huku, akalegeza kule, akabembeleza, akatukana. Wapi! Ukiinua mguu tu, linazima.

Basi Jumamosi daktari alipofika na pikapu yake inayometa, alimkuta Kinanda ameketi nyuma ya usukani, gari linanguruma, tabasamu hadi masikioni.

"Shuka tusalimiane," daktari akasema.

"Salamu ni moyoni, daktari. Tazama boneti kwanza."

Daktari akatazama, akafurahi. "Zipo kweli! Haya, ukishuka nakukabidhi funguo. Nimemwita na fundi wa viti aje apime kabla sijaondoka. Huyo anakuja."

Likaingia gari dogo bila kikohozi. Akashuka mama, futi shingoni. Kinanda akaukumbatia usukani.

"Shuka, mwanangu, nipime kiti."

"Pima cha nyuma kwanza, mama."

"Nimesema shuka."

Akashuka. Gari likakohoa mara mbili, likafa. Akalipiga stata, likaguna, likafa tena.

"Mbona lako linatulia?" daktari akamuuliza mama. "Lina ngapi?"

"Moja tu. Huyu kijana kanifundisha. Kaketi dukani kwangu, kanieleza kwa kirefu kwamba kabureta mbili kwenye injini hii ni kujitafutia balaa."

Daktari akamgeukia Kinanda polepole, funguo za pikapu mkononi. "Ulimdanganya mama, au unanidanganya mimi?"

Kinanda akafungua mdomo. Akisema alimdanganya mama, ni mwizi. Akisema alimwambia kweli, pikapu kwaheri. Akamwona baba mkwe akilini, mzee ameketi barazani, anangoja kucheka. Ulimi ule, kwa mara ya kwanza maishani, ukatoa ukweli kwa makusudi.

"Mama nilimwambia kweli," akanong'ona.

Daktari alipanda pikapu yake akaondoka, na Kinanda aliifuata kwa macho mpaka kona.

"Mama, ulijua?"

"Kwamba zimelika vijiti, zinavuta hewa pembeni? Mafundi watatu walizikataa. Nilikuwa sina pa kuzitupa."

"Basi nirudishie yangu!"

"Ile inayonifaa? Si umekiri sasa hivi, mbele ya shahidi?" Mama akaingia garini, akawasha mara moja tu, likawaka. Akachungulia dirishani. "Unakwenda wapi, mwanangu? Nina kamba, naweza kukuvuta."

Kinanda akalitazama gari lake lililokufa, akatazama barabara. Ilibidi aseme.

"Kwa baba mkwe."